Bunduki ya Remington: ilipita mikononi mwa nani mpaka ikafika Semliki

Ndugu wasikilizaji wa Beni, Butembo, Oicha na Lubero, na ninyi jamaa mliokimbia vijiji vyenu na leo mnaishi katika familia za kupokea au katika kambi: kila mara bunduki inapoonekana msituni au inapokamatwa barabarani, watu huuliza swali moja. Hii bunduki ilitoka wapi? Nani aliileta, na nani alimpa huyu anayeishika leo?

Swali hilo si la leo. Wakubwa wetu wa bonde la Semliki na wa milima ya Ruwenzori waliliuliza zaidi ya miaka 130 iliyopita, wakati bunduki za kisasa za kwanza zilipopita hapa kwa wingi. Leo tutafuata njia ya bunduki moja ya zamani, Remington ya kutoka Marekani. Hatutazungumza juu ya mtutu mmoja wenye namba yake, ila juu ya kundi la bunduki za aina moja ambazo safari yao imeandikwa vizuri. Tutaona wenyewe walivyobadilika, mmoja baada ya mwingine, na kila mara nani alilipa bei.

Kiwanda cha Ilion

Remington hii ilitengenezwa katika mji mdogo wa Ilion, jimbo la New York, na kiwanda cha E. Remington & Sons. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha mwaka wa 1865. Kiwanda kilikuwa na mashine na mafundi wengi, lakini serikali haikuhitaji tena bunduki kama zamani. Kikatafuta wanunuzi inchi za nje, na mwaka wa 1867 kikaonyesha bunduki yake mpya katika maonyesho makubwa ya Paris.

Ilikuwa mpya kwa namna gani? Gobore la zamani lilishindiliwa kwa mdomo wa mtutu: unamimina baruti, unasukuma risasi kwa ufito, unaweka fataki, ndipo unapiga. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na gobore linakuwa fimbo tu. Remington ilijazwa kwa nyuma. Mtu alivuta jogoo, akazungusha kwa kidole gumba kipande kinene cha chuma kilichofunga mtutu, akaingiza risasi yenye ganda la shaba, akafunga, akapiga. Ilipiga risasi moja moja, lakini ilijazwa upesi, mvua haikuisumbua sana, na vipande vyake vilikuwa vichache hata fundi wa kawaida aliweza kuitunza.

Huko Marekani wawindaji wa nyati waliibeba katika mbuga za magharibi, na watu wa asili ya nchi ile waliijua kwa machungu, kwa sababu ilifika pamoja na wale waliochukua ardhi yao. Ni bunduki ya mpaka, yaani ya mahali ambapo serikali bado haijafika vizuri lakini silaha yake imeshafika. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo.

Mwenyewe wa kwanza: mfalme wa Misri

Mmoja wa wanunuzi wakubwa alikuwa Khedive Ismail, mtawala wa Misri. Aliagiza Remington 60,000. Mwaka wa 1870 Ufaransa ikaingia vitani na Wajerumani, ikahitaji bunduki haraka, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Misri zikauzwa kwa Wafaransa. Misri ikangoja miaka kadhaa. Huo ndio uhamisho wa kwanza katika hadithi yetu: bunduki iliyoagizwa na mmoja ikapigana vita vya mwingine, hata kabla ya kutoka kiwandani.

Misri ilipopata zake, zilipewa wanajeshi wake, na wengi wao walikuwa watu weusi wa Sudani ya kusini waliokamatwa utumwani au kuandikishwa kwa nguvu. Ismail alitaka kutawala mto Nile mpaka chanzo chake. Alimtuma Gordon, Mwingereza, kuwa gavana wa jimbo la Ikwatoria mwaka wa 1874, na aliajiri pia maofisa Wamarekani waliokuwa wamepigana katika vita vyao wenyewe, kama Charles Chaillé-Long, aliyefika mpaka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka huo huo. Bunduki za Marekani na maofisa wa Marekani wakawa karibu na sisi, upande wa pili wa Ziwa Albert.

Mwaka wa 1878 Ikwatoria ikapata gavana mwingine: daktari Mjerumani aliyeitwa Eduard Schnitzer, ambaye dunia inamjua kwa jina la Emin Pasha. Miaka mitatu baadaye Mahdi akaanzisha vita vyake Sudani. Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Tangu hapo Emin na askari wake walikatwa na Misri. Hakuna mshahara, hakuna nguo, hakuna risasi mpya. Lakini Remington walikuwa nazo mikononi. Fikiri hali ya askari wa namna hiyo: ana silaha ya serikali, lakini serikali yenyewe haipo tena. Atakula nini? Atakula kwa wanakijiji.

Bunduki 510 za Stanley

Huko Ulaya watu wakasema Emin aokolewe. Henry Morton Stanley akapewa kazi hiyo mwishoni mwa mwaka wa 1886. Serikali ya Misri ikampa Remington 510, risasi zake 100,000, tani mbili za baruti na fataki 350,000. Alikuwa pia na bunduki 50 za Winchester, na Hiram Maxim mwenyewe alimpa bure bunduki yake ya mashine, kitu kipya kabisa wakati ule.

Remington za Misri, zilizotengenezwa Marekani, zikapelekwa kumtafuta gavana wa Misri kwa kupitia Unguja, kuzunguka Rasi ya kusini ya Afrika, kisha kupanda mto Kongo. Tarehe 28 Juni 1887 Stanley aliacha kambi ya Yambuya, juu ya mto Aruwimi, akaingia msitu wa Ituri na watu 389. Wengi wao walikuwa wapagazi kutoka Unguja, watu wa kazi ya mshahara. Tarehe 13 Desemba walipofika Ziwa Albert walikuwa chini ya 200. Wengine walikufa kwa njaa, kwa vidonda na kwa mishale, wengine walitoroka, wengine waliachwa wagonjwa njiani.

Msitu haukuwa mtupu. Vijiji vilikuwepo, Wambuti walikuwepo, mashamba ya makemba yalikuwepo. Lakini kabla ya Stanley walikuwa wamefika wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa, watu wa Unguja na Manyema ambao wakubwa wetu waliwaita Wangwana. Walikuwa wamevunja vijiji vingi. Ugarrowwa, mmoja wa wakubwa wao, katika ujana wake alikuwa amewahi kuwa mtumishi katika msafara wa Speke na Grant. Kwa hiyo Stanley alipita katika nchi ambayo njaa ilikuwa imeshatengenezwa na wengine, naye akaiongeza, kwa sababu watu wake walichukua chakula mashambani bila kulipa.

Ipoto: bunduki kwa mahindi

Oktoba 1887 msafara ulifika Ipoto, kituo cha watu wa Kilonga-Longa. Wapagazi walikuwa mifupa mitupu. Wenyeji wa kituo walikuwa na mahindi, lakini hawakutaka kuyatoa bure. Kwa siku chache wapagazi waliuza nguo zao. Nguo zilipoisha, wakauza risasi. Risasi zilipopungua, wakauza bunduki zenyewe.

Stanley alipogundua, alikasirika sana. Aliwachapa watu viboko, na katika safari ile kulikuwa na watu walionyongwa kwa wizi na kwa kutoroka. Alifanya kila njia ili bunduki zirudishwe, na baadhi alizipata. Yeye aliona kwamba mpagazi bila bunduki ni mtu aliyekufa, na msafara wote pamoja naye. Mpagazi kwa upande wake aliona kwamba bunduki haiwezi kupikwa.

Hapo Ipoto tunajifunza jambo ambalo linarudi kila mara katika historia yetu. Silaha nyingi hazipotei vitani. Zinapotea jikoni. Mtu aliyepewa silaha lakini hakupewa chakula ataiuza, ataikodisha, au ataitumia kuchukua chakula cha mwingine. Hakuna njia ya nne. Na yule aliyenunua Remington kwa mahindi kule Ipoto hakuinunua kwa kuwinda nyani. Aliinunua ili avamie kijiji kingine, achukue watu na pembe, na kijiji hicho kilikuwa cha babu zetu.

Semliki na Mutsora, 1889

Stanley alimkuta Emin tarehe 29 Aprili 1888. Baada ya mambo mengi, na baada ya kurudi nyuma kutafuta watu wake walioachwa, aliondoka kwa Kavalli, juu ya Ziwa Albert, tarehe 10 Aprili 1889. Walikuwa watu wapata 1,500: wapagazi, maofisa wa Misri, wake, watoto, watumishi. Wakashuka katika bonde la Semliki. Mwezi wa Mei, wakati wanavuka mto, walishambuliwa na Warasura, askari wa Kabarega mfalme wa Bunyoro, ambao nao walikuwa na bunduki.

Kisha msafara ulipita chini ya Ruwenzori upande wa magharibi, yaani katika nchi ambayo leo ni wilaya yetu ya Beni na jirani zake. Ofisa wa Stanley aliyeitwa Stairs alijaribu kupanda mlima mwanzoni mwa Juni. Baadaye walifika kijiji ambacho Stanley alikiandika Mtsora, jina ambalo sisi tunaliandika Mutsora, karibu na Mutwanga.

Watu wa huko, ambao Stanley aliwaita Wakonju, ni ndugu zetu: Wakonzo na Wanande ni watu wa lugha moja ambao mpaka uliwagawa baadaye. Walikuwa wamechoka na Warasura. Hao walikuwa wakikaa Katwe, mahali pa chumvi, na chumvi ile ndiyo iliyolisha biashara kutoka ziwa mpaka milimani. Anayeshika Katwe anashika masoko. Wakonzo walipoona kundi lenye bunduki nyingi linalopigana na Warasura, wakashuka kutoka mlimani, wakaleta chakula, wakatembea pamoja nalo. Warasura wakakimbia, Katwe ikabaki wazi. Stanley akaendelea zake, akafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889.

Lakini kwa wale wa Mutsora, kipi kilibaki? Mgeni mwenye bunduki alimfukuza adui mwenye bunduki, akala chakula, akaondoka. Hakuacha ulinzi. Jambo hilo nalo mnalijua. Mara ngapi tumemshangilia mwenye silaha mpya kwa sababu alimfukuza yule wa zamani, halafu asubuhi tukabaki peke yetu?

Selim Bey na swali la mwenyewe

Si askari wote wa Emin walioondoka na Stanley. Mamia walibaki na Remington zao, pamoja na familia. Mkubwa wao kwa Kavalli alikuwa Selim Bey, ofisa Msudani. Wengine waliobaki kaskazini walimfuata Fadl el Mula.

Septemba 1891 akaja kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza, IBEA. Alikuwa amepita Toro, akavuka Semliki, akitafuta askari waliokwisha kufundishwa. Akamwomba Selim Bey aingie katika kazi ya kampuni. Jibu la Selim linastahili kukumbukwa. Alisema yeye ni askari wa Khedive wa Misri, na hawezi kufuata bendera nyingine bila ruhusa ya bwana wake. Alikuwa amekaa miaka mingi bila mshahara, bila barua, bila nguo, na bado alisema bunduki si yake. Lugard alikubali kwamba ruhusa itaombwa Misri. Ndipo watu zaidi ya 8,000, askari wapata 600 na wafuasi wao, wakaanza safari kuelekea Uganda.

Tusimfanye Selim kuwa malaika. Watu wake walikuwa wameishi kwa kuchukua ng'ombe na nafaka za wenyeji, na wengi wa hao wafuasi walikuwa watu waliotekwa. Lakini swali lake lilikuwa la kweli: silaha ya serikali ni ya nani, serikali inapobadilika?

Na Lugard alifanya nini na askari hao? Wengi aliwaweka katika ngome kando ya Toro, kulinda mpaka dhidi ya Kabarega. Ngome zilikuwa mbali na Kampala, wakubwa wao walikuwa wachache, chakula hakikuletwa. Askari wakaanza kupora watu wale wale waliowekwa kuwalinda. Malalamiko yakawa mengi, mpaka mwaka wa 1893 Sir Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akaamuru ngome hizo ziondolewe. Mwaka huo huo Selim Bey alikamatwa kwa kushukiwa uasi, akafa njiani, Naivasha.

Askari waliobaki waliingizwa katika jeshi la Waingereza la Uganda. Mwaka wa 1897 waliasi, wakilalamikia mshahara mdogo unaochelewa na safari zisizoisha mbali na familia zao. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Uganda na wa Kibera, Nairobi. Wale wa Fadl el Mula walikuwa na njia nyingine: mwaka wa 1892 walifanya mkataba na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold, na mwaka wa 1894 watu wa Mahdi waliwashambulia, wakamwua mkubwa wao. Remington zao nyingi zikaingia mikononi mwa adui yule yule ambaye zililetwa ili kumpiga.

Bunduki ya Maxim, mwenzake wa safari

Tumetaja ile bunduki ya mashine aliyopewa Stanley. Hiyo ilikuwa moja, kwa hiyo njia yake inafuatika kama njia ya mtu. Maxim aliitoa London kama zawadi kwa msafara wa kuokoa watu. Ikabebwa na wapagazi toka Kongo mpaka pwani ya mashariki. Hapo ikaingia mikononi mwa kampuni ya IBEA. Desemba 1890 Lugard alipopanda kilima cha Kampala alikuwa nayo, imechakaa baada ya kuzunguka Afrika. Tarehe 24 Januari 1892, katika vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda, Lugard akaitumia. Ndani ya miaka mitano, chombo kilichotolewa kwa ajili ya wokovu kikaamua ni nani atatawala Uganda.

Upande wetu: Albini na waasi wa Dhanis

Upande wa Kongo, Force Publique ya Leopold haikutumia sana Remington. Bunduki yake ilikuwa Albini ya Ubelgiji, nayo ya risasi moja moja, yenye kifuniko kinachofunguka kwa bawaba. Baadaye ilikuja Mauser ya mwaka wa 1889, ambayo kiwanda cha FN cha Herstal kilianzishwa ili kuitengeneza.

Mwaka wa 1892 mpaka 1894 Dola ya Leopold ilipigana na Wangwana, ikawashinda. Bunduki zao zilichukuliwa na wapiganaji wao wengi waliandikishwa. Kati ya walioandikishwa walikuwa watu wa Gongo Lutete, mkubwa aliyesaidia Wabelgiji na ambaye Wabelgiji wenyewe walimpiga risasi mwaka wa 1893. Watu wake hawakusahau. Tarehe 14 Februari 1897, huko Ndirfi, wakati Dhanis anawaongoza kuelekea Nile, waliasi. Walikuwa na Albini na risasi za serikali. Wakashuka kusini kwa kupitia nchi za Ituri na Semliki. Julai 1897 walipigwa vikali kwenye mto Lindi, lakini mabaki yao yalizunguka Kivu mpaka mwaka wa 1900.

Kwa vijiji vilivyokuwa njiani, tofauti ya mwasi na askari ilikuwa ndogo. Wote walikuwa na bunduki ile ile, kutoka ghala lile lile, na wote walikuwa na njaa.

Sheria iliyokuja, na kilichofuata

Wazungu wenyewe waliona hatari. Tarehe 2 Julai 1890, katika mkutano wa Brussels juu ya utumwa, mataifa yalikubaliana kukataza kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Magobore ya gumegume yaliruhusiwa. Walisema ni kwa kuzuia biashara ya watumwa, na kweli bunduki zilikuwa uti wa biashara hiyo. Lakini sheria ile ilikuwa na mlango: serikali za kikoloni ziliruhusiwa kuingiza silaha kwa majeshi yao. Kwa hiyo bunduki ya kisasa ilibaki upande mmoja, na mwanakijiji alibaki na mkuki au gobore la ruhusa.

Tangu hapo njia ni ile ile, majina ya bunduki tu yanabadilika. Mwaka wa 1964 waasi Wasimba walipofika Beni na Butembo walishika silaha zilizotoka kwa jeshi la taifa. Mwaka wa 1996 askari wa Mobutu walipokimbia AFDL walipita hapa wakipora, na silaha zao nyingi zikabaki nyuma. Kati ya 1998 na 2003 makundi yalilipwa kwa bunduki na nchi za jirani. ADF waliingia Ruwenzori toka miaka ya 1990, na tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni hayajatuacha. Hali ya dharura ilitangazwa Mei 2021, na operesheni ya pamoja na jeshi la Uganda ilianza Novemba mwaka ule. Hayo hamhitaji kusimuliwa.

Kwa nini kujua mwenyewe wa bunduki

Mtu anaweza kusema: historia ya Remington inatusaidia nini sisi tulioacha mashamba ya kakao na mihogo, tunaolala katika darasa la shule? Inatusaidia kwa mambo matatu.

Kwanza, inatuonyesha kwamba bunduki haizaliwi msituni. Ina kiwanda, ina namba, ina mnunuzi wa kwanza ambaye karibu kila mara ni serikali. Remington ya Misri ilikuwa na jina la kiwanda juu ya chuma, na nyingi zilikuwa na alama za Kiarabu, kwa hiyo hata baada ya miaka 100 inajulikana. Silaha za leo vivyo hivyo. Kongo imetia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka wa 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa mwaka wa 2010, na yote miwili inadai silaha zitiwe alama na ziandikwe katika daftari. Silaha inapokamatwa Mayangose au Eringeti, raia ana haki ya kuuliza: namba yake ni ipi, na iliuzwa kwa nani? Jibu la swali hilo linaweza kuonyesha ghala ambalo lilivuja.

Pili, inatuonyesha mahali silaha zinapovuja. Ipoto zilivuja kwa njaa. Toro zilivuja kwa kukosa usimamizi. Ndirfi zilivuja kwa hasira ya watu waliotumiwa bila haki. Anayetaka kupunguza bunduki hapa kwetu hawezi kuzichoma tu hadharani. Lazima askari alipwe kwa wakati na ale, na kijana anayetoka msituni kwa mpango wa kunyang'anya silaha akute kazi, siyo kambi bila chakula. Kijana aliyeahidiwa na akasahauliwa yuko katika hali ya Selim Bey kwa Kavalli, isipokuwa yeye pengine hana uvumilivu wa Selim.

Tatu, inahusu familia zenyewe. Kuna nyumba ambazo zina gobore la babu au kipande cha bunduki ya zamani kilichotunzwa kama ukumbusho. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi inadai ruhusa kwa kila silaha. Kitu ambacho kwako ni kumbukumbu ya familia, kwenye kizuizi cha barabarani kinaweza kukufanya uitwe mwasi. Heri kupitia kwa mkubwa wa mtaa au kwa chifu, mbele ya mashahidi, kuliko kukibeba katika mzigo wakati wa kukimbia. Na wewe unayerudi shambani ukakuta risasi au kitu cha chuma kisichojulikana: usikiguse, usiwaache watoto wakichezee, weka alama kwa mbali, toa habari.

Hesabu ya wenyewe

Tukihesabu, Remington ilikuwa na wenyewe hawa: kiwanda cha Ilion, Khedive wa Misri, askari wa Emin, msafara wa Stanley, mfanyabiashara wa Ipoto, kampuni ya Waingereza, Dola ya Leopold, watu wa Mahdi. Kila mmoja alisema ana sababu nzuri. Mmoja alisema anafungua nchi, mwingine anaokoa, mwingine anazuia utumwa, mwingine anapigania dini.

Katika orodha hiyo hakuna mwanamke wa Mutsora aliyebeba makemba kuwalisha wapita njia. Hakuna Mmbuti aliyeonyesha njia. Hakuna mkulima wa Semliki. Hao hawakuwahi kumiliki Remington, lakini ndio walioilipia, kwa chakula, kwa watoto waliotekwa na kwa vijiji vilivyoachwa tupu. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi tuongeze: nyasi nazo zina kumbukumbu. Wazee mlio kambini, waambieni watoto majina ya vijiji mlivyoacha, mipaka ya mashamba, na nani aliwafukuza na lini. Siku bunduki zitakapoulizwa zilitoka wapi, daftari la kiwanda litatoa nusu ya jibu. Nusu nyingine mnayo ninyi.